Wiki ya michezo, sanaa na huduma shule ya bweni: mabweni sita, uwanja mmoja, ukumbi mmoja. Ratiba ipangweje?

MleziBweni2

Salaam wadau,

Naomba mawazo ya walimu wa michezo, walezi wa mabweni na watu wa jukwaani. Shule ni ya bweni, ya wasichana, wanafunzi 432 katika mabweni sita, 72 kila bweni. Uongozi umekubali tuwe na wiki moja ya michezo, sanaa na huduma kwa jamii, kuanzia Jumapili hadi Jumamosi inayofuata. Vipindi vya mchana havifutwi. Maandalio ya usiku yanaweza kuachwa siku tatu tu. Muda wa michezo ni saa 10 hadi saa 12 jioni.

Tulivyo navyo: uwanja mmoja wa mpira wa miguu, mmoja wa pete, mmoja wa wavu, ukumbi mmoja wenye jukwaa, spika mbili na maiki nne.

Shida yangu ni hii. Rasimu ya kwanza ina mashindano 19, na nikiandika majina, wasichana kama 60 wanajirudia kila mahali: huyohuyo ni mshambuliaji, ni sauti ya kwanza kwenye kwaya, ni mhusika mkuu wa igizo. Wengine wote wanabaki kushangilia. Pia ratiba inagongana kiasi kwamba nusu fainali ya pete imeangukia saa ileile ya mazoezi ya kwaya. Nianzie wapi kuipangua? Na waamuzi wa sanaa nao wanatoa wapi haki, maana malalamiko huanzia hapo.

---

KochaNyasi

Mwalimu, umeanza na orodha ya mashindano, ndiyo maana yamekushinda. Anza na orodha ya watu. Chukua karatasi moja kwa kila bweni, andika majina yote 72 upande wa kushoto, kisha weka safu tatu: mchezo, sanaa, kazi. Kila jina lijazwe angalau safu mbili, na asiwepo mwenye michezo miwili ya timu wala sanaa mbili. Ukifika hapo mgongano mwingi unakufa wenyewe.

Hesabu inatosha. Kwa bweni moja: mpira wa miguu 16, pete 10, wavu 9. Hao ni 35. Sanaa: kwaya 20, igizo 12 pamoja na wa nyuma ya jukwaa, ngonjera na mashairi 8, ngoma 12. Hao ni 52. Kazi ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri: kuweka alama za uwanja, kutunza mipira, kuandika magoli, kushika saa, kuhamisha vifaa vya jukwaa, huduma ya kwanza, maji, kupokea wageni. Riadha iko Jumamosi, siku ambayo haina ligi, kwa hiyo mcheza pete anaweza kukimbia bila kuvunja kanuni.

Sasa ligi. Achana na mtoano. Mtoano wa mabweni sita maana yake mabweni yanaanza kutolewa siku ya kwanza, na wiki yao imekwisha Jumatatu. Timu sita zikikutana zote ni mechi 15, yaani raundi tano za mechi tatu tatu. Una siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Raundi moja kwa siku. Jozi zipange hivi:

Jumatatu: 1–6, 2–5, 3–4
Jumanne: 1–5, 6–4, 2–3
Jumatano: 1–4, 5–3, 6–2
Alhamisi: 1–3, 4–2, 5–6
Ijumaa: 1–2, 3–6, 4–5

(Njia yake: namba 1 inakaa palepale, nyingine tano zinazunguka hatua moja kila siku. Kwa mabweni manane ni hivyohivyo, ila raundi zinakuwa saba.)

Kisha jambo litakalokuokoa: jozi za siku zitumike kwa michezo yote mitatu, zikizunguka viwanja. Mfano Jumatatu. Saa 10:00 bweni 1 na 6 wako mpira wa miguu, 2 na 5 wako pete, 3 na 4 wako wavu. Saa 10:35 wanahama: 1 na 6 wanakwenda wavu, 2 na 5 mpira wa miguu, 3 na 4 pete. Saa 11:10 wanahama tena. Saa 11:45 mmemaliza mechi tisa, kila bweni limecheza michezo yote mitatu, na hakuna bweni lililohitajika viwanja viwili kwa wakati mmoja. Kwa wiki ni mechi 45 bila mgongano hata mmoja. Washangiliaji nao wanahama na bweni lao, hawatawanyiki.

Kila nafasi ina dakika 35, na mchezo wenyewe ni dakika 27. Mpira wa miguu cheza 12 kwa 12 na mapumziko ya dakika 3. Pete cheza robo nne za dakika 6 na dakika moja katikati ya robo. Wavu cheza seti moja ya pointi 25, atakayefika akiwa mbele kwa pointi mbili. Dakika ya 27 ikifika kabla seti haijaisha, anayeongoza ameshinda, na wakiwa sare ipigwe pointi moja zaidi. Dakika 8 zinazobaki ni za kuhama, nazo zinaliwa haraka sana msipokuwa na kipyenga kimoja. Mtu mmoja, saa moja, kipyenga kimoja kwa viwanja vyote vitatu. Kila mwamuzi akitumia saa yake, kufikia nafasi ya tatu viwanja vimeachana dakika kumi na kuna timu imesimama juani inasubiri wapinzani.

Waamuzi: mpira wa miguu 3, pete 2, wavu 2. Mwanafunzi anaweza kuchezesha ilimradi si mechi ya bweni lake. Wafunzwe wiki mbili kabla, kwa kuchezesha mazoezi. Kusomewa sheria darasani hakutoshi.

Vipimo, kwa sababu hapa huwa panakosewa. Wavu wa wanawake ni mita 2.24, unapimwa katikati ya uwanja. Pembeni hauruhusiwi kuzidi hapo kwa zaidi ya sentimita 2. Uwanja ni 18 kwa 9. Pete ni 30.5 kwa 15.25, nguzo mita 3.05, nusu duara ya kufungia ina nusu kipenyo cha mita 4.9. Lango la mpira wa miguu ni 7.32 kwa 2.44, na hili nalisema kwa uzito: lango la kuhamishika lifungwe chini kwa vigingi au mifuko ya mchanga. Lango lisilofungwa huanguka mtoto akining'inia kwenye mwamba wa juu, na limewahi kuua watoto katika nchi nyingi.

Pembe za uwanja zisikadiriwe kwa jicho. Pima mita 6 kwenye mstari mmoja, mita 8 kwenye mwingine, kisha rekebisha mpaka umbali kati ya ncha hizo uwe mita 10 kamili. Hapo pembe ni mraba. Tumia futi ya utepe. Kamba ya nailoni inavutika na uwanja unatoka umepinda. Na mistari isichorwe kwa chokaa ya kujengea. Ile imechomwa, ikikutana na jasho inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Tafuta unga wa mawe ya chokaa yaliyosagwa tu bila kuchomwa, au rangi ya maji.

Mipira pia. Mipira yote ikipigwa upepo sawasawa, wa wavu unakuwa jiwe. Mpira wa miguu unataka shinikizo la kilo 0.6 hadi 1.1 kwa sentimita ya mraba, wa wavu unataka 0.30 hadi 0.325 tu, yaani karibu nusu au chini ya hapo. Msichana anayepokea mpira mgumu kwa mikono mitupu ataanza kuukwepa siku ya pili, na mtadhani ni woga.

---

NyumaYaPazia

Naunga mkono karatasi ya majina. Niongeze upande wa ukumbi.

Usiku tatu ulizopewa zigawe hivi: Jumanne mashairi na ngonjera, Alhamisi kwaya na ngoma, Jumamosi maigizo na utoaji wa zawadi. Jumamosi kwa kawaida haina maandalio, kwa hiyo unabakiwa na usiku mmoja wa akiba. Uutumie Ijumaa kwa mazoezi ya jukwaani ya maigizo, dakika 20 kila bweni. Usiuuze usiku huo kwa kitu kingine. Igizo ambalo halijawahi kufanyiwa mazoezi kwenye jukwaa lenyewe hukwama mahali palepale kila mara: mhusika anaingia kupitia mlango ambao kwenye ukumbi haupo, au meza haipiti kwenye pazia.

Katika zile dakika 20 wasiigize igizo zima. Wapitie kuingia na kutoka jukwaani tu, wabadilishe vifaa mara moja wakipimwa kwa saa, na kila mhusika aseme sentensi yake ya kwanza akiwa mahali pake, mtu akiwa amesimama safu ya mwisho ya viti. Asiposikika, aambiwe hapohapo. Kumbuka ukumbi mtupu unadanganya: sauti inarudi kutoka ukutani na kila mtu anasikika. Watu 432 wakikaa, miili na nguo zinameza sauti. Kama safu ya mwisho inasikia kwa taabu wakati ukumbi ni mtupu, usiku wenyewe haitasikia kabisa.

Maigizo sita ya dakika 15 na mabadiliko ya dakika 5 ni karibu saa mbili. Ukiongeza hotuba na zawadi umefika saa mbili na nusu. Hotuba ziwe mbili, si sita. Mshika saa akae mbele na kadi: dakika ya 13 ya njano, ya 15 nyekundu, ya 17 pazia linafungwa hata kama mhusika yuko katikati ya kilio. Wakijua kweli litafungwa, watakata maandishi yao mapema. Maandishi yawasilishwe siku kumi kabla, na yasomwe kwa sauti mbele ya mwalimu mmoja kwa saa. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono unaweza kuchukua dakika moja au tatu, huwezi kujua kwa kuutazama.

Sasa maiki. Igizo lisitumie maiki kabisa. Maiki nne kwa wahusika tisa maana yake wanazipokezana kama kijiti, na igizo linageuka mkutano wa hadhara. Zitunze kwa kwaya na watangazaji.

Kwaya ya watu 20 inahitaji maiki mbili tu. Ziweke juu ya stendi, mita moja hivi mbele ya safu ya kwanza, zipande juu kidogo ya vichwa vya safu ya mbele zikielekezwa safu ya nyuma. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na waimbaji. Kama moja iko mita moja kutoka kwao, mbili hizo ziachane mita tatu. Zikikaribiana, sauti ileile inafika kwenye maiki zote mbili kwa nyakati zinazotofautiana kidogo, na kwaya inasikika kama inaimbia ndani ya bomba.

Ule mlio mkali wa spika unatokana na maiki kusikia spika yake yenyewe. Dawa ya kwanza ni mahali: spika ziwe mbele ya mstari wa maiki, zikiwatazama watazamaji. Dawa ya pili: mwambie mtangazaji asifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja. Watu wengi wakisikia mlio huukumbatia ule mpira wa chuma wakidhani wanauziba, kumbe kiganja kinaziba matundu ya nyuma yanayoifanya maiki isisikie pembeni, na mlio unaongezeka. Ashike mpini, asogeze mdomo karibu. Ukipunguza umbali kwa nusu unaongeza nguvu ya sauti bila kuongeza mlio, jambo ambalo kupandisha kitufe hakufanyi.

Kuhusu haki ya waamuzi wa sanaa: msijumlishe alama, jumlisheni nafasi. Ona mfano huu. Mwamuzi wa kwanza amempa bweni A 90 na bweni B 60. Wa pili na wa tatu wote wamempa A 74 na B 76. Ukijumlisha, A ana 238, B ana 212. A ameshinda kwa kishindo, ilhali waamuzi wawili kati ya watatu wamesema B ni bora. Mwamuzi mmoja mwenye mkono mpana amewafunika wenzake. Kila mwamuzi apange mabweni wa kwanza hadi wa sita, kisha jumlisha zile nafasi. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mlezi wa bweni asiwe mwamuzi wa usiku ambao bweni lake linashindana, hata kama ni mwaminifu kiasi gani.

---

MuuguziWaZamu

Ratiba ni nzuri, ila naona watoto watacheza mechi siku tano mfululizo na usiku wako ukumbini. Usingizi usikatwe. Umri huu unahitaji saa 8 hadi 10. Ukumbi ukifungwa saa 4 usiku, kengele ya alfajiri ya kesho yake icheleweshwe, la sivyo kufikia Alhamisi zahanati itajaa maumivu ya kichwa, na kuteguka kutaongezeka kwa sababu mtu aliyechoka hutua vibaya.

Uwanjani pawe na mambo haya, yasibaki yamefungiwa kabatini: maji ya kutosha kwa kila kiwanja, bandeji za kukaza, vitambaa na barafu au maji baridi, glavu, taulo za kike, na orodha ya wenye pumu, kifafa na kisukari. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta pembeni ya uwanja, si bwenini. Dakika tano za kukimbilia funguo ni nyingi mno.

Kifundo kikiteguka: atoke, mguu uinuliwe, baridi kwa dakika 15 hadi 20 kupitia kitambaa (barafu isiguse ngozi), bandeji isiyozuia damu. Asikandwe wala kuvutwa siku hiyo. Akishindwa kukanyaga hatua nne, achukuliwe kama amevunjika hadi apigwe picha.

Akigongwa kichwa, hapa sibadilishi neno: akiwa na dalili hata moja, anatoka na harudi siku hiyo. Dalili ni kuchanganyikiwa, kizunguzungu, kuona mawili mawili, kichwa kuuma, kujibu polepole. Hazitaki awe amezimia. Na asipelekwe kulala peke yake bwenini wakati wenzake wako ukumbini, akae mtu mzima naye. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia asiamshike, au akipata degedege, hospitali mara moja.

Radi ikisikika, viwanja vyote vitatu vinaachwa na watu wanaingia kwenye jengo. Mnahesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, si ya kwanza.

---

MleziBweni2

Asanteni sana wakuu. @KochaNyasi, ile ya jozi kuzunguka viwanja vitatu nimeijaribu kwenye karatasi na imekubali.

Nina maswali matatu. Kwanza, jumla kuu ya wiki ihesabiweje? Riadha ina matukio 14, nikitoa pointi kwa kila tukio inazimeza sanaa zote. Pili, mashairi: walimu wanne watakaoamua wanabishana kuhusu kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mstari. Tatu, ile siku ya huduma, tumewaza kupanda miti na kutembelea kituo cha wazee, ila naogopa iwe ya kupiga picha tu.

---

KochaNyasi

La kwanza ni jepesi. Riadha iwe na jedwali lake la ndani. Mwisho wa siku inatoa mshindi wa kwanza hadi wa sita, na hizo nafasi ndizo zinazoingia kwenye jedwali kuu kama tukio moja. Kwenye jedwali kuu kila kitu kina uzito uleule: 6, 5, 4, 3, 2, 1. Michezo minne (mpira wa miguu, pete, wavu, riadha) na sanaa nne (ushairi, kwaya, ngoma, igizo). Hapo bweni lenye waimbaji linaweza kulifikia bweni lenye wakimbiaji. Huduma msiipe pointi. Ukiipa pointi, watu watashindana mbele ya wazee.

Ligi: ushindi 3, sare 1. Timu zikilingana, angalia mechi yao wenyewe kabla ya tofauti ya magoli, vinginevyo mtu anatafuta magoli kumi kwa bweni dhaifu kabisa.

Kwa kuwa umetaja riadha, angalizo moja la kupokezana vijiti. Kwenye nyasi watu huchora mistari ya kuanzia kwa kukadiria, na wa njia ya nje anaonewa au anapendelewa. Njia zikiwa na upana wa mita 1.22, kwa mzunguko mmoja kamili, kila njia inatangulia ya ndani yake kwa mita 7.66. Kwenye viwanja vya kisasa njia ya pili inatangulia kwa 7.04 tu, kwa sababu njia ya kwanza ina ukingo wa ndani na hupimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo, wakati nyingine hupimwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari. Kwenye nyasi hakuna ukingo, zote zinapimwa sentimita 20, kwa hiyo 7.66 kwa wote.

Eneo la kupokezana kwa 4 × 100 ni mita 30. Kinachoangaliwa ni kijiti kiko wapi, si miguu. Kijiti kikianguka, anayekiokota ni aliyekiangusha. Wafundishwe mikono: wa kwanza abebe mkono wa kulia, wa pili apokee kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto, na asiwepo wa kuhamisha kijiti mkono akiwa mbioni. Kwa njia hiyo wa kwanza na wa tatu wanabana upande wa ndani wa kona, wapokeaji wao wako upande wa nje, hawakanyagani. Mpokeaji aweke alama chini, nyayo 20 hivi nyuma ya mahali anaposimama, aanze kukimbia mwenzake anapoikanyaga, kisha asigeuke tena. Kama mwenzake anamkuta mapema mno, alama isogezwe nyuma nyayo mbili. Kama hamfikii, isogezwe mbele mbili. Mazoezi ya siku nne yanatosha kuipata.

---

Tarbia

Kwenye mizani ubishi wote kwa kawaida uko kwenye *m* na *n*. Kanuni: hesabu silabi zinavyotamkwa. *M* inayosimama peke yake kabla ya konsonanti ni mizani moja, *mtoto* ni m-to-to, tatu. Lakini *mwalimu* ni mwa-li-mu, tatu, si nne, kwa sababu *m* imeungana na *wa*. *Nchi* ni mbili (n-chi), *mbwa* ni mbili (m-bwa), ila *ndege* ni mbili tu (nde-ge) na *ngoma* ni mbili.

Wape waamuzi wenu zoezi hili kabla ya Jumanne: "Mtoto ameamka" na "Leo mwalimu afika". Vyote viwili vina mizani nane. M-to-to-a-me-a-m-ka. Le-o-mwa-li-mu-a-fi-ka. Anayepata sita kwa cha kwanza anazimeza zile *m*, na anayepata tisa kwa cha pili anaipasua *mwa*. Wote wanne wakipata nane, wako tayari.

Kila ubeti wa tarbia una mistari minne, kila mstari vipande viwili vya mizani nane nane. Vina vya kati vilingane katika mistari mitatu ya mwanzo na vya mwisho pia. Mstari wa nne, kituo, waweza kuwa na vina vyake au kujirudia ubeti kwa ubeti. Waamuzi wapewe nakala ya shairi mezani kabla ya msomaji kupanda, wapime mizani kwenye karatasi mapema. Wakiwa ukumbini wasikilize matamshi, pumzi na hisia. Mwamuzi anayehesabu kwa vidole hasikii shairi.

Sikubaliani kidogo na @NyumaYaPazia kuhusu kujumlisha nafasi peke yake. Kwa kwaya na igizo, sawa. Kwa ushairi wa arudhi, kasoro za mizani na vina zinahesabika, kwa hiyo zikatwe kwanza, moja moja, kabla ya kupanga nafasi. La sivyo, sauti nzuri itabeba shairi lililovunjika.

Na ngonjera isipimwe kama shairi lililogawanywa kwa watu wanane. Ni majibizano. Angalia kama kila anayejibu ameshika hoja ya mwenzake aliyetangulia. Wengi huandika pande mbili ambazo hazisikilizani, kila upande unatoa hotuba yake.

---

NyumaYaPazia

@Tarbia hilo nalikubali. Basi fomu ya Jumanne iwe na sehemu mbili, ya karatasi na ya jukwaani, na nafasi zipangwe baada ya zote mbili.

---

ShimoNaMbolea

Nijibu la tatu. Huduma iwekwe Jumapili ya mwanzo, alasiri. Mwishoni mwa wiki watoto wamechoka na akili zao ziko kwenye zawadi.

Miti: kama mvua hazijaanza, msipande. Mche uliopandwa kwenye ardhi kavu kwa ajili ya sherehe unahitaji kumwagiliwa kwa miezi, na likizo ikifika hakuna mtu. Kama tarehe yenu iko kiangazi, siku hiyo chimbeni mashimo tu, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uwekwe kulia, wa chini kushoto. Mvua ikija unachanganya ule wa juu na mbolea iliyooza na kuurudisha kwanza, kwenye mizizi. Makosa mawili yanayoua miche mingi: kuacha mfuko wa plastiki kwenye mizizi, na kuzika shingo ya mche chini ya udongo. Kimo cha udongo wa kwenye mfuko kiwe sawa na kimo cha ardhi. Na idadi iwe ile mtakayoweza kumwagilia. Miche 36, sita kwa kila bweni, wenye majina ya wasimamizi kwenye orodha ya zamu, ni bora kuliko 400.

Kituo cha wazee: mwalimu mmoja aende wiki mbili kabla aulize mambo matatu, saa gani wazee hupumzika, kazi gani inahitajika kweli, na watu wangapi wanaenea. Wasichana 432 hawaendi. Waende 24, wanne kutoka kila bweni, na watu wazima wanne. Waliobaki wafanye kazi za karibu na shule. Hao 24 waende wawili wawili kwa mzee mmoja, wakae, wasimwimbie na kuondoka. Wafundishwe kusalimia kwanza, kuinama usawa wa macho ya aliyekaa, kuongea polepole bila kupaza sauti kama mtoto mdogo anavyosemeshwa, na kuuliza maswali yenye hadithi ndani yake, mfano kazi aliyofanya ujanani. Mwenye mafua abaki shuleni. Mikono inawe kabla ya kuingia. Simu na kamera zibaki kwa mwalimu, na picha ipigwe tu kwa anayeridhia mwenyewe, si kwa ruhusa ya msimamizi.

Na muulize kituo kama mnaweza kurudi mwezi unaofuata, tarehe ikiandikwa kabla ya kuondoka.

---

MleziBweni2

Nimeandika yote. Swali dogo la mwisho kwa @KochaNyasi: mvua ikiharibu siku moja ya ligi?

---

KochaNyasi

Raundi hiyo nzima, mechi tisa, ihamie Jumamosi saa 9 alasiri, riadha ikiwa imeisha asubuhi. Ili iishe, ianze saa 1:30 asubuhi, mbio ndefu zikitangulia kabla jua halijakolea. Usihamishe mechi moja moja katikati ya wiki, mzunguko wa viwanja utavunjika na mgongano utarudi. Kama mvua imekatika lakini uwanja wa pete umelowa, usichezwe: pete ni mchezo wa kusimama ghafla, na sakafu yenye maji inachukua magoti. Wavu kwenye mchanga unaweza kuendelea. Riadha ikinyeshewa, mruko mrefu na kurusha tufe vifanywe mwisho, na tufe lifutwe kwa kitambaa kikavu kila mrushaji anapoingia kwenye duara. Tangazo la kuahirisha litoke saa 9:30 alasiri, mahali pamoja, kwa mtu yuleyule mwenye kipyenga.